Uzio, si Ukuta: Istilahi za Kanisa la Parokia la Uingereza

Mfasiri akutanapo na maelezo ya kanisa la parokia la Uingereza la Zama za Kati, hushawishika kukipa kila kitu jina kwa kutazama umbo lake pichani. Njia hiyo hupotosha. Istilahi yapasa ifuate kwanza kazi ya kitu.

Kanisa hilo lilikuwa na sehemu kuu mbili. Upande wa magharibi ulikuwa ukumbi wa waumini. Upande wa mashariki ilikuwa sehemu ya altare, alimoadhimishia padre Misa. Kwa desturi iliyokita mizizi katika karne ya 13, waumini waliutunza ukumbi wao, na mwenye kupokea zaka aliitunza sehemu ya altare. Ukumbini watu wengi walisimama au kupiga magoti. Mabenchi yalienea hasa katika karne ya 15. Karibu na mlango liliwekwa birika la jiwe la ubatizo, kwani kwa ubatizo mtu huingia katika Kanisa. Birika hilo lilifunikwa na kutiwa kufuli, ili maji yaliyobarikiwa yasiibwe kwa ajili ya uchawi.

Baina ya sehemu hizo mbili kilisimama kizuizi cha mbao zilizochongwa. Nusu yake ya chini ilizibwa kwa mbao, ambazo mara nyingi zilichorwa watakatifu, kama zionekanavyo hata leo katika kanisa la Ranworth, Norfolk. Nusu ya juu ilikuwa na nafasi wazi. Juu yake kwa kawaida palikuwa na jukwaa, na sanamu ya Kristo msalabani, Maria na Yohana wakiwa kando yake.

Kizuizi hiki tukiiteje? Tukikiita ukuta, tutakuwa tumewafumba macho waumini, ilhali waliitazama Hostia ikiinuliwa kupitia nafasi zile. Neno pazia nalo lina kazi nyingine: wakati wa Kwaresima pazia halisi la kitambaa lilitundikwa mbele ya altare. Twapendekeza uzio wa msalaba. Uzio hutenga bila kuficha. Tena jina la Kiingereza la sehemu ya altare latokana na neno la Kilatini lenye maana ya fito za uzio.

Tofauti hizi si za anasa. Mwaka 1561 Malkia Elizabeth I aliamuru majukwaa yabomolewe lakini uzio ubakizwe; mfasiri asiyetenga vitu hivyo viwili ataifanya amri hiyo ijipinge yenyewe. Mwaka 2003 nalo Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba wenye shamba moja huko Aston Cantlow wawajibike kulipia matengenezo ya sehemu ya altare ya kanisa la hapo, kwa kuwa ardhi yao ilibeba wajibu ule wa kale. Mfasiri wa hukumu hiyo akiandika “kanisa” tu, atakuwa amewatwisha deni la jengo zima.

Basi, kabla ya kuchagua neno, mfasiri na aulize: kitu hiki kilimtenga nani na nani, na ni nani aliyekigharimia?