Maneno Ndani ya Mti: Nkisi wa Boma na Historia ya Sanamu ya Mchanganyiko

Vitabu vingi vya historia ya sanaa vinavyosomeshwa vyuoni huanzia Paris, mwaka 1912, vinapoeleza habari ya sanamu ya mchanganyiko. Yaani ile isiyotoka katika jiwe moja wala gogo moja, bali iliyoungwa kwa vitu vya kuokotwa na vitu vya kuota. Mwaka huo Pablo Picasso alibandika juu ya picha yake kipande cha kitambaa chenye chapa ya msuko wa kiti, akakizungushia kamba mahali pa fremu. Mwaka huo huo akaunda gitaa la makaratasi magumu. Wanafunzi huambiwa kwamba hapo ndipo mchongaji alipopata ruhusa ya kuacha patasi na kuokota.

Kwa Paris, tarehe hiyo ni sahihi. Kwa ulimwengu haiwezi kuwa sahihi, na msemaji mwenyewe angelijua hilo lau angelitazama kilichokuwa kimejaa katika makabati ya makumbusho ya mji ule ule. Wakati Picasso anachovya brashi yake kwenye gundi, Ulaya ilikwisha kuwa na mamia ya sanamu za mti zilizopigwa misumari, zikapachikwa vioo na kauri, zikafungwa vitambaa, kamba, manyoya na mbegu, zikajazwa udongo tumboni. Zilitoka nchi ya Wakongo, kuanzia kingo za chini za mto Kongo hadi mwambao wa Loango na Kabinda. Wenyewe waliziita minkisi. Mmoja ni nkisi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwani jina lenyewe linamfungulia mlango uliofungwa kwa Mzungu. Wareno waliofika pwani ile waliita kitu hicho feitiço, neno lenye maana ya kitu kilichotengenezwa kwa mikono, na kutokana na neno hilo Wafaransa wakapata fétiche, na dharau yote iliyofuata. Sisi tunaona mara moja kwamba nkisi na minkisi limo katika ngeli moja na mti na miti, wala halimo katika ngeli ya watu. Tunaona pia kwamba mwenye kuutengeneza huitwa nganga, na hatuhitaji mkalimani wa kutueleza ndugu yake neno hilo ni nani. Mchawi wao ni ndoki, na kitendo chake ni kuloka.

Najua kwamba visiwani kwetu neno sanamu lina uzito wake, na wapo watakaoona makala kama haya yanahusu ibada za watu wengine na hayafai kushughulikiwa. Lakini nkisi haukuwa mungu wa mtu yeyote, wala Wakongo hawakudhani kwamba mti umeumba mbingu. Ulikuwa chombo, na chombo huulizwa namna kinavyoundwa na kazi kinayofanya.

Uundaji wake ulikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa mchongaji, ambaye kwa tezo na kisu alitoa umbo la mtu, au mara nyingine la mbwa mwenye vichwa viwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Aliacha shimo tumboni au kichwani, au akauacha mwili ukiwa wazi tayari kuvishwa. Kazi ya mchongaji ilipokwisha, alichokuwa nacho ni mti tu. Mtu angeweza kuukalia asidhurike. Mkono wa pili ni wa nganga, na huo ndio uliougeuza mti ukawa nkisi. Nganga alikusanya bilongo, yaani dawa: udongo mweupe, udongo wa makaburini, mkaa, unga mwekundu wa mti, kucha na meno ya wanyama, vichwa vya nyoka, magamba ya konokono, mbegu na mizizi. Vyote akavitia katika lile shimo, akaziba kwa utomvu mzito wa mti, na juu ya utomvu akapachika kioo au gamba la kauri. Kioo kilikuwa bidhaa ya meli za Ulaya, lakini nganga hakukinunua ili ajitazame. Kwake kiling'aa kama uso wa maji, na chini ya maji, kwa fikra ya Wakongo, ndiko waliko wafu wanaoona yasiyoonekana.

Kwa nini mizizi hii na si ile? Hapa ndipo jambo linapowagusa wapenzi wa mashairi. Vitu vingi vilichaguliwa kwa sababu ya majina yao. Ulitiwa mmea wa jamii ya ndago uitwao lusakusaku kwa kuwa kitenzi sakumuna kina maana ya kubariki. Likatiwa tunda liitwalo luyala kwa kuwa yala ni kutawala. Tumbo la sanamu, basi, lilijazwa kwa tajnisi. Tungemwomba nganga atusomee yaliyomo ndani, tungesikia sentensi nzima ya maombi na amri, kila neno likiwa limeshikwa na kitu chake. Habari hizi hatukuzipata kwa kubahatisha. Katika miaka ya 1910 mmisionari wa Kiswidi, Karl Laman, aliwapa walimu wa Kikongo madaftari wakaandika mila zao kwa lugha yao wenyewe, na miongoni mwao alikuwemo Nsemi Isaki, aliyeandika juu ya minkisi kwa ufasaha usioonekana kwa wasafiri wa Kizungu wa zama zake. Mwanaanthropolojia Wyatt MacGaffey alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyasoma na kuyachapisha.

Aliyewahi kuona kombe likiandikwa hatashangaa sana. Aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa. Na hirizi nayo ni maneno yaliyoshonewa ndani ya ngozi, yasiyosomwa na yeyote anayeitazama. Sisemi kwamba ni jambo moja, maana tofauti ya itikadi ni kubwa na haifichiki. Nasema kwamba watu wa pwani mbili za bara moja walijua kwamba neno laweza kuwekwa ndani ya kitu, na kwamba kitu hicho huzidi nguvu kwa kutoonekana kilichomo.

Katika minkisi yote, ile iliyotisha zaidi ni ya aina ya nkondi, jina linalotokana na kuwinda. Ndiyo yenye misumari. Watalii wa makumbusho hudhani kwamba misumari ni mateso, kana kwamba kila mmoja ulipigwa ili adui aumwe mahali fulani. Ukweli ni wa kimahakama zaidi. Watu wawili wakipatana, au kijiji na kijiji kikifunga mkataba, au mwizi asiyejulikana akitafutwa, shauri lililetwa mbele ya nkondi, kiapo kikatamkwa, na msumari au kipande cha chuma kikagongwa katika mwili wa mti. Wakongo waliita kitendo hicho koma nloko, kugongomea laana, na neno koma linatukumbusha komeo letu la mlango. Mara nyingine uzi au kitambaa cha mhusika kilifungwa kwenye msumari ili nkisi usisahau ni shauri la nani. Shauri likimalizika kwa amani, msumari uliweza kung'olewa.

Tukitazama nkondi kwa jicho hilo, tunaona daftari la mahakama. Mchongaji alianza, nganga akaendelea, na jamii nzima ikamalizia kwa miaka mingi, kila chuma kikiwa tarehe isiyoandikwa. Hakuna mtu mmoja anayeweza kutia saini chini yake. Na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya chuma hicho ilikuja kwa biashara ya pwani: misumari ya maseremala wa Ulaya, iliyokusudiwa makasha na majahazi, ikapewa kazi ambayo aliyeifua hakuiwaza.

Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, ilikuwa bandari ya biashara hiyo, na juu yake walitawala wakuu ambao Wazungu waliwaita wafalme tisa wa Boma. Mwaka 1878 ugomvi wa ushuru uliwafarakanisha wakuu hao na wafanyabiashara wa Kizungu. Mbelgiji Alexandre Delcommune, aliyekuwa wakala wa nyumba ya biashara ya Kifaransa, alikusanya watu wenye bunduki, wakavamia vijiji na kuvichoma moto. Katika uvamizi huo alichukua nkisi nkondi wa mkuu aitwaye Ne Kuko. Hakuuchukua kwa kupendezwa na uchongaji wake. Aliuchukua mateka, akijua vema kwamba pasipo chombo hicho Ne Kuko amenyang'anywa mahakama yake, mikataba yake na ushahidi wa kila kiapo kilichopigwa mbele yake. Ne Kuko aliomba arudishiwe. Delcommune alikataa, na katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1922, alisimulia mambo hayo bila haya.

Mtu huyu hakuishia pwani ya magharibi. Mwaka 1891 aliongoza msafara hadi Bunkeya, Katanga, kwenye boma la Msiri, Mnyamwezi aliyejijengea dola lake huko. Msiri hakukubali bendera ya Leopold. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Desemba 1891, aliuawa kwa risasi na msafara mwingine, wa Stairs, ambao wapagazi wake wengi waliandikishwa hapa Unguja. Hivyo historia ya sanamu ya Boma si ya mbali nasi kama ramani inavyodai.

Nkisi wa Ne Kuko ulifikishwa Ubelgiji, ukawekwa katika makumbusho ya Tervuren, nje ya Brussels. Mwenzake, wa aina iitwayo Mangaaka, yuko New York katika Metropolitan Museum: kimo cha sentimita 118, mikono kiunoni, kauri kubwa tumboni, ameinama mbele kama hakimu aliyechoka kusikiliza uongo. Makumbusho hayo yalipokusanya Mangaaka 15 pamoja katika maonyesho ya mwaka 2015, wataalamu wao wa hifadhi walikuwa wamekwisha kuwachunguza, wakagundua jambo linalostahili kukumbukwa. Wengi wao dawa zao zilitolewa kwa makusudi kabla ya Mzungu kuwatwaa. Nganga alijua meli inakuja. Akafungua tumbo, akayachukua maneno yake, akaacha mti. Katika karne nzima ya kuporwa, naliona tendo hilo kuwa jibu lenye akili kuliko yote.

Msanii wa Kimarekani Renée Stout aliuelewa utengano huo wa mti na dawa. Mwaka 1988 alitoa nakala ya mwili wake mwenyewe kwa plasta, akaipaka weusi, akaitia sanduku lenye kioo tumboni na dawa ndani yake, akaivisha kauri na vifuko. Mwaka 1993 kazi zake zilionyeshwa mjini Washington pamoja na minkisi ya kale. Yeye hakunyang'anya kitu. Alijifanya mwenyewe kuwa gogo.

Mtafiti wa makumbusho ya Tervuren alipofika Boma mwaka 2016, mrithi wa Ne Kuko alimpa ombi lile lile la mwaka 1878. Makumbusho yalipofunguliwa upya Desemba 2018, nkisi ulikuwa bado huko. Juni 2022 Mfalme Philippe alikwenda Kinshasa na kinyago cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, akakikabidhi kwa mkopo usio na mwisho. Mwezi uliofuata Ubelgiji ikawa na sheria ya kurejesha vilivyochukuliwa kwa nguvu katika ukoloni. Sheria huzungumza kati ya serikali na serikali. Aliyeomba, mara zote mbili, alikuwa mkuu wa Boma, na misumari iliyomo katika mti ule ilipigwa kwa majina ya watu wa vijiji vyake.