Ukimya wa Muuza Motokaa

Watu walionunua motokaa zilizokwisha tumika kutoka kwa watu binafsi wana visa vya kusimulia, na visa hivyo hufanana kama watoto wa mama mmoja. Aghalabu msikilizaji hucheka, kisha humlaumu mnunuzi kwa ujinga wake au muuzaji kwa hila yake, na mazungumzo huishia hapo. Katika insha hii nimekusudia kuyachukua mazungumzo hayo mbele kidogo. Nadhani taabu hii ina historia, wala historia hiyo haikuanza na motokaa. Nitatanguliza kisa changu mwenyewe, si kwa kuwa ni kikubwa kuliko vya wengine, bali kwa kuwa ndicho ninachokijua pande zake zote.

Mama yangu aishi Soni, katika milima ya Usambara, na kila mwezi hana budi kushuka Korogwe kwa matibabu. Nilipoona kwamba kungoja basi kumemchosha, niliazimia kununua motokaa ndogo ambayo ndugu yangu angemwendeshea. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ngombezi, kata iliyo katika mji wa Korogwe, aliyekuwa na Toyota yake akitaka kuiuza. Hakuwa mfanya biashara wa magari. Alikuwa mstaafu mwenye motokaa moja, na hilo lilinipa matumaini, kwani nilikwisha kuchoshwa na maneno ya madalali.

Nilifika asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu, na alipojua kazi yangu akaniita Mwalimu. Nilipewa kiti chini ya mwembe, nikaletewa chai na mihogo ya kuchemsha. Tuliulizana habari za nyumbani, za kazi na za mvua. Motokaa ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ilipotiwa ufunguo iliwaka mara moja. Tuliizungusha mpaka barabara kuu tukarudi, njia yote ikiwa tambarare. “Nimeitumia mwenyewe, mwanangu,” alisema. “Wewe washa uende zako.” Hakusema kwamba ni nzima, wala hakusema kwamba ni mbovu. Na mimi sikumwuliza. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Wiki ya pili, tukipanda kutoka Mombo, injini ilichemsha kabla hatujafika nusu ya mlima. Mama alikuwa ndani. Tulikaa kando ya barabara saa tatu, yeye akijipepea kwa kanga na kunituliza mimi, badala ya mimi kumtuliza yeye. Siku ya pili tuliikokota mpaka kwa fundi wa Korogwe. Alipoinua boneti hakuhitaji kupima kitu. “Hii ni ile ya Ngombezi,” alisema. “Silinda hedi imepinda tangu mwaka jana, Mwalimu. Nilimweleza mzee, akaona gharama ni kubwa, akatia dawa ya kuziba kwenye rejeta.” Karakana ya fundi huyo haikuwa mbali na mwembe ule nilipoinywea chai.

Hayo hayakuwa yote. Kadi ya motokaa ilikuwa ingali na jina la mtu aliyemwuzia yule aliyemwuzia mzee, na kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa ameahirisha kubadilisha jina ili asilipe gharama zake. Kumtafuta mtu huyo ili aweke sahihi yake kulinichukua miezi. Tena kulikuwa na faini za barabarani zilizoandikwa kwa namba ya motokaa, nazo hazikumfuata aliyezitenda bali zilinifuata mimi. Nilipompigia mzee simu, alinijibu kwa upole mwingi, “Lakini uliiona mwenyewe, mwanangu, ukairidhia.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka maktaba, kwani niliyasikia kama maneno ya zamani mno. Mzee hakupata kusoma sheria ya Kiingereza, lakini alikuwa ameitaja kanuni yake mashuhuri, ile isemayo kwamba mnunuzi na ajihadhari.

Mwaka 1893 mambo matatu yalitokea ambayo hayakujuana. Huko Tanga Wajerumani walianza kujenga reli, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na katika miche elfu moja ikasalia hai 62, ambayo ndiyo mama wa mashamba yote ya mkonge tuliyoyajua, la Ngombezi likiwa mojawapo. Na huko Uingereza iliandikwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1893. Mambo mawili ya kwanza kila mtoto wa Korogwe huyajua kwa kuyaona. La tatu halionekani, lakini lilikuja kukaa nasi, maana Waingereza walipoitawala Tanganyika walitunga sheria ya mauzo ya mwaka 1931 kwa kuifuata ile ya kwao, na sheria hiyo ingali mikononi mwetu mpaka leo.

Sheria hiyo yasema kwamba, kwa kawaida, muuzaji hawi mdhamini wa uzima wa kitu auzacho. Kisha yaweka mapendeleo kwa mnunuzi: kitu sharti kifae kwa kazi yake, na kiwe cha hali ya kuuzika. Lakini mapendeleo hayo yamefungwa kwa yule ambaye kuuza vitu vya namna hiyo ndiyo biashara yake. Mwenye duka la motokaa amebanwa. Mzee wa Ngombezi, mwenye motokaa moja chini ya mwembe, hakubanwa. Basi mimi niliyemkimbia dalali nikamtafuta mtu binafsi kwa kumwona mwaminifu zaidi, nilikuwa nimetoka penye kinga nikaingia pasipo kinga, nami nafurahi kwa werevu wangu.

Yaweza kusemwa kwamba udanganyifu ni udanganyifu, awe muuzaji ni mfanya biashara au la. Ni kweli, lakini tazama udanganyifu ulivyoelezwa. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1961 Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na sheria yetu ya mikataba iliyoshika mahali pake yaifuata kwa karibu sana. Watunzi wa ile ya India walitia mifano ili kanuni ieleweke, na mmoja wa mifano hiyo wahusu farasi. Mtu amwuza farasi katika mnada, naye ajua kwamba farasi huyo ana kasoro, wala hamwambii mnunuzi neno. Sheria yasema huo si udanganyifu. Kama mnunuzi ni binti yake aliyetoka utotoni sasa hivi, basi ujamaa wao wamlazimisha baba kusema. Na kama mnunuzi atamwambia muuzaji kwamba asipokanusha atamhesabu farasi kuwa ni mzima, na muuzaji akanyamaza, hapo ukimya wake ni sawa na usemi.

Mfano huu niliusoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kuna milango miwili ya mnunuzi kuokoka: awe mwana wa muuzaji, au aulize swali waziwazi. Mzee aliniita mwanangu kutwa nzima, lakini mahakama hailitambui jina hilo. Na swali sikuliuliza kwa sababu aliniita mwanangu. Nani kati yetu aliyelelewa kwa adabu awezaye kumkabili mtu wa makamo ya baba yake, akiwa na kikombe cha chai yake mkononi, akamwambia, “Nieleze unachonificha, nawe ukinyamaza nitakushika kwa ukimya wako”? Sheria yamtaka mnunuzi awe mkavu wa uso, na malezi yamkataza. Muuzaji akaa katikati ya hayo mawili, na hapo pana kivuli kizuri.

Tena kuna kifungu kingine kisemacho kwamba ukimya, hata ukiwa wa hila, hauvunji mkataba ikiwa mnunuzi angeweza kuupata ukweli kwa juhudi ya kawaida. Nami fundi alikuwa jirani.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba dunia nzima imekuwa hivyo sikuzote. Kabla ya Mjerumani na Mwingereza, katika miji ya pwani yetu, Pangani na Tanga zikiwamo, Waislamu waliuziana kwa sheria ya madhehebu ya Shafi, na Minhaji ya Imamu Nawawi ilikuwa miongoni mwa vitabu walivyovitegemea makadhi. Katika sheria hiyo mnunuzi anayo hiari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakipokea. Haiulizwi kama muuzaji ni tajiri wa bandarini au mjane auzaye mbuzi wake mmoja. Kuficha kasoro ni haramu, na habari ya Mtume kutia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake yajulikana na kila mwanafunzi wa chuo. Hata muuzaji akijikinga kwa kutamka kwamba anauza bila dhamana, katika mauzo ya mnyama kinga hiyo yamfaa kwa kasoro ya ndani asiyoijua tu. Ile aijuayo yabaki shingoni mwake. Hebu umweke farasi yule wa mwaka 1872 mbele ya kadhi wa Pangani, uone kama muuzaji atatoka na fedha zake!

Sisemi kwamba wauzaji wa zamani walikuwa malaika. Madalali wa minada ya pwani hawakusifiwa kwa unyofu, na sheria haikazi kukataza jambo ambalo hakuna alitendaye. Nasema tu kwamba mzigo wa kusema uliwekwa juu ya yule ajuaye, na baadaye ukahamishwa ukawekwa juu ya yule asiyejua.

Kwa nini basi uhamisho huo haukutuuma mapema? Nilimwuliza dereva mmoja wa zamani wa mashamba ya mkonge, naye alicheka. Alinieleza kwamba katika ujana wake motokaa za upande ule zilihesabika, nazo zilijulikana kama watu. Lori la shamba, gari la misheni, Peugeot ya mwenye duka: kila moja ilikuwa na dereva wake, na dereva alikuwa na turnboi, na turnboi alikuwa na mdomo. Ikipinduka leo, kesho mji wote wajua. Ilipouzwa, historia yake iliuzwa pamoja nayo bila hati. Mkonge ulipofika kileleni, mwaka 1964, nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, na hata katika neema hiyo mfanya kazi wa shamba hakuota kumiliki motokaa. Yakaja mashirika ya umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha ukaja uhaba wa fedha za kigeni, na motokaa zikazidi kuadimika.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Miaka iliyofuata zikaanza kuja motokaa zilizotumika Japani, nchi iendeshayo upande wa kushoto kama sisi, ambako ukaguzi wa lazima wa vipindi, wenye gharama zake, huwafanya watu waziache motokaa ambazo bado zaenda. Sikulaumu hilo, bila ya hizo mama yangu angengoja basi maisha yake yote. Lakini motokaa iliyoshuka melini haikuwa na dereva aliyejulikana wala turnboi mwenye mdomo. Kisha ilipita kutoka mkono hata mkono, Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, mpaka ikafika Ngombezi, na yote iliyopitia yakabaki kifuani mwa mtu mmoja tu, yaani muuzaji wa mwisho. Sheria ya mwaka 1872 ilikuwa ikimngoja siku nyingi.

Mwaka 1970 mwana uchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala juu ya soko la motokaa zilizotumika, baada ya majarida matatu kuikataa; mwaka 2001 alishiriki tuzo ya Nobel. Hoja yake ni nyepesi kueleza. Mnunuzi asipoweza kutofautisha nzima na mbovu, hutoa bei ya wastani. Mwenye motokaa nzima huona bei hiyo yampunja, akaacha kuuza. Wakabaki wenye mbovu, na bei ikashuka tena. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni hesabu tu. Baadaye nilijifunza sehemu yake nyingine kwa njia nisiyoitaka.

Mwaka huu niliamua kuiuza motokaa ile. Fundi alikwisha badilisha gasketi na kuisawazisha silinda hedi, lakini aliniambia kwa kweli kwamba haifai tena kupanda milima. Alikuja kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Aliniamkia shikamoo. Tulimpa chai. Aliizunguka motokaa, akaiwasha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, wala hakuniuliza swali hata moja.

Nikamweleza yote: silinda hedi, dawa ya rejeta, mlima wa Mombo, kadi. Alinisikiliza kwa heshima, macho chini. Niliona jinsi anavyohesabu moyoni: kama mtu huyu akiri haya bila kuulizwa, je, aliyoyaficha ni makubwa kiasi gani? Akamaliza chai yake, akashukuru, akasema atakwenda kushauriana na mkewe. Baada ya siku chache ndugu yangu alimwona Korogwe akiendesha motokaa nyingine, aliyoinunua kwa mtu binafsi, iliyooshwa vizuri. Yetu ingali uani.