Nduru, kelele na kosa la mkalimani

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mkalimani mahakamani, alinijia majuzi na swali lililomkosesha usingizi. Shahidi, mama wa makamo kutoka Magharibi mwa Kenya, alikuwa ameiambia korti: “Nilipiga nduru, hakuna aliyetoka.” Mkalimani akamfasiria hakimu kwa Kiingereza kwamba mama alipiga kelele. Wakili wa upande wa pili akadakia papo hapo: kelele za nini usiku huo? Alikuwa akigombana na nani? Mama akaduwaa. “Prof, nilikosea wapi?”

Alikosea, nami nilimwambia hivyo bila kumung’unya maneno. Watoto wakicheza hupiga kelele. Makanga wa matatu hupiga kelele, na mlevi akirudi kwake hali kadhalika. Nduru ni sauti kali, nyembamba, ndefu, inayopanda ghafla na kuupasua usiku, na shabaha yake ni moja tu: kumtoa jirani kitandani. Nilipokuwa mtoto, baba aliposikia nduru alishika rungu kwanza, viatu akavikumbuka akiwa njiani.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Tuna mayowe, ukemi, ukunga, unyende, kamsa na siyahi. Hili la mwisho tumelichukua kwa Waarabu. Ukemi mimi nauweka katika ukoo mmoja na kitenzi kukemea, kwani anayekemea naye hupaza sauti. Vigelegele pia hutoka katika koo lile lile, ila hivyo ni vya harusi na mtoto mchanga. Nikiwa Mombasa, masikio yangu hukutana na mayowe na ukemi mara nyingi kuliko nduru. Huku bara, nduru ndiyo inayotawala.

Sasa, lilitoka wapi? Ukiuliza barazani, wengi watakujibu haraka kwamba ni neno la Kijaluo. Wana sababu. Wajaluo husema goyo nduru, yaani kupiga nduru, na kwao sauti hiyo hutangaza pia kifo. Lakini hebu tuvuke mpaka. Waganda husema okukuba enduulu, na kuba kwao ni piga kwetu. Wanyankole wana enduuru. Ukiteremka hadi Rwanda na Burundi, utakuta induru. Lugha hizi zote ni za Kibantu, na Wanyarwanda na Warundi wako mbali mno na Wajaluo kuweza kuwaazima neno la namna hii. Tena tazama umbo lenyewe. Irabu ya mwanzo katika enduulu na induru ni kiambishi tangulizi cha kawaida katika lugha hizo, na ile n inayofuata ni ya ngeli ile ile inayotupa ndoto na ndizi. Hata tofauti ya l na r haina fumbo. Katika Kiganda, r hutokea baada ya e na i tu. Baada ya u lazima iwe l. Kwa hiyo mimi nasema neno hili ni la Wabantu wa Maziwa Makuu, na Wajaluo, waliotokea upande wa Uganda na kuishi bega kwa bega na Wabantu kwa karne kadhaa, walilipokea kwa jirani zao.

Jambo linalonivutia zaidi ni vitenzi vinavyoandamana nalo. Sisi hupiga nduru. Waganda na Wajaluo nao huipiga. Wanyarwanda husema kuvuza induru, na kitenzi hicho hicho hutumika kwa ngoma: kuvuza ingoma. Nduru basi imewekwa pamoja na ngoma, mbiu na baragumu, vyombo vya kuita watu. Hakuna anayepiga kilio! Kilio hulia mtu peke yake chumbani, na anaweza kulia asubuhi kucha bila kumdai jirani chochote. (Wakikuyu, kwa upande wao, hawapigi, wao husema mbu, kũuga mbu. Mswahili asiyejua atadhani wanazungumzia wadudu wa malaria.)

Deni hilo la kuitikia lilikuwa zito. Nchini Rwanda, desturi ilimtaka anayesikia induru aijibu kwa kupiga yake, kisha akimbilie ilikotoka, na mlima mzima ukaamka. Asiyetokea alikuwa na maswali ya kujibu kesho yake. Halafu ukaja mwaka 1994. Wauaji walitumia induru na filimbi kuitana kila walipomwona mtu amejificha mtoni au kwenye mtama, na watu wakakimbilia sauti hiyo kama walivyozoea, mikononi wana mapanga. Sijui neno jingine lililofanyiwa unyama kama huo.

Kwetu, desturi inakufa kwa njia ya kimyakimya. Katika maploti ya Nairobi, watu hamsini wanaweza kusikia nduru ya ngazi ya tatu na kila mmoja akaongeza sauti ya runinga. Wakati huo huo, mwanamke aliyeshambuliwa bado huulizwa: mbona hukupiga nduru? Anayeuliza amebeba kichwani kijiji ambacho jirani angetoka. Mwanamke anayeulizwa anaishi kwenye ploti.

Ndiyo maana kosa la kijana wangu lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Yule mama hakuwa akieleza ukubwa wa sauti yake. Alikuwa akisema kwamba aliomba msaada kwa njia ambayo watu wote wa kwao wanaijua, na kwamba majirani walisikia wakabaki ndani. Ushahidi wake ulikuwa na sehemu mbili, na tafsiri ya “kelele” ikazifuta zote.

Aliniuliza angesemaje. Nikamwambia angesema “alipaza sauti kuita msaada”, hata kama kwa Kiingereza kingekuwa kirefu, na hakimu akikunja uso, amweleze. Ameshaandika barua kuomba kumbukumbu za siku hiyo zisahihishwe. Kesi itatajwa tena mwezi ujao.