Kutoka Mvukuto wa Mhunzi hadi Godoro la Upepo



Tumezoea kusoma katika gazeti letu hili habari za walimu waliotulea, za michezo, na za wenzetu waliopanda vyeo. Mara hii naomba nafasi nieleze historia ya chombo kidogo ambacho wengi hukipita bila kukitazama, nacho ni pampu ya upepo inayoendeshwa kwa mkono au mguu, hasa ile ya kujazia godoro. Wako watakaocheka. Lakini wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nadai kwamba katika chombo hiki mna somo ambalo wazee wa mwambao wa ziwa letu walilijua zamani, nasi tumelisahau.

Kagunga, mwaka 2015

Kwanza niwakumbushe kwa nini jambo hili si la mchezo. Kagunga ni kijiji cha ufukweni, kaskazini mwa Gombe, mpakani kabisa na Burundi. Mbele yake ni ziwa, nyuma yake ni milima mikali. Mwezi Aprili mwaka 2015 fujo za kisiasa zilipozuka Burundi, watu walianza kukimbilia hapo, na kufikia katikati ya Mei walikuwa wapatao 50,000 katika kijiji kisichokuwa na nafasi wala maji ya kuwatosha. Kipindupindu kikaingia, na zaidi ya watu 30 walifariki. Hapakuwa na barabara ya magari ya kuwaondoa. Njia ilikuwa ni ziwa tu, na mzigo mkubwa uliangukia meli ya Liemba, ile iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Meli hiyo ya miaka mia moja iliwabeba watu kama 600 kwa safari moja hadi Kigoma. Huko walipokewa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kipindupindu hakitibiwi kwa godoro. Hutibiwa kwa maji safi yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na huzuiwa kwa vyoo na usafi. Hata hivyo, mgonjwa, mzee na mama mjamzito wanaolala juu ya kokoto wana haja ya kitu cha kulalia, na mahali ambapo kila kitu hufika kwa mashua, nafasi ni mali. Godoro la sponji hubeba ukubwa wake wote safarini. Godoro la upepo hukunjwa likawa kama begi, kwa kuwa kinacholijaza kipo Kagunga bure. Tena la mpira au plastiki hufutwa kwa dawa likasafika, jambo ambalo sponji haiwezi. Linalobaki ni swali moja: pasipo umeme, nani atalijaza, na kwa chombo gani?

Wahunzi na mivukuto yao

Pampu ya upepo ya kwanza katika nchi zetu ni mvukuto wa mhunzi. Kusini mwa ziwa hili hili, huko Ufipa, wafua chuma walijenga matanuri marefu ya udongo, mengine yakipita kimo cha mtu mrefu, ambayo yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila kupulizwa na mtu. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kwa hiyo kiliingizwa katika tanuri la pili, dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kaskazini, katika nchi ya Wahaya, mafundi walivukuta kwa saa nyingi mfululizo. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao juu ya ufundi huo, na wasomi wa ng'ambo wakaanza kuutazama kwa macho mapya.

Mvukuto wa kawaida katika nchi za Maziwa Makuu uliundwa hivi. Fundi alichonga bakuli la mti, au alifinyanga la udongo, lenye mdomo mpana na bomba ubavuni. Juu ya mdomo alifunga ngozi laini kwa ulegevu, na katikati ya ngozi akafunga kijiti. Kijiti kikiinuliwa, ngozi huvuta hewa ndani. Kikishushwa, hewa hutoka kwa bomba na kuingia motoni. Mara nyingi mabakuli yalikuwa mawili, moja likipanda jingine likishuka, ili upepo usikatike na makaa yasipoe.

Sasa vijana mtauliza, je, bakuli likivuta hewa halivuti moto? Hapo ndipo penye akili. Bomba la bakuli halikukazwa ndani ya bomba la udongo lililoingia tanurini. Liliachwa limekaribia tu kwenye mdomo wake mpana, na pakabaki nafasi. Ngozi ikipanda, hewa baridi huingia kwa nafasi ile. Ikishuka, upepo huruka moja kwa moja hadi motoni. Ni vali isiyo na kifuniko, isiyoharibika, wala isiyonunuliwa.

Angalieni na umbo la chombo: bakuli pana, mwendo mfupi, upepo mwingi, msukumo mdogo. Moto hautaki kusukumwa kwa nguvu. Unataka hewa nyingi, mfululizo. Wahunzi hawakuandika kanuni hiyo vitabuni, lakini waliiandika katika umbo la bakuli.

Baiskeli na karabai

Ndipo ikaja pampu ya aina ya pili. Mwaka 1845 Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la mpira lenye upepo, lakini halikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alilibuni upya kwa ajili ya baiskeli, na mara hii dunia ikalipokea. Tairi la baiskeli halina nafasi ya hewa nyingi, ila hewa yake lazima ibanwe sana. Kwa hiyo pampu yake ni bomba jembamba na refu, lenye pistoni na wosha ya ngozi.

Ndugu ya pampu hiyo tunamjua vizuri sana mwambao huu. Ni ile iliyo pembeni mwa tangi la karabai. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alitoa jiko la Primus, ambalo mafuta yake ya taa husukumwa na hewa iliyobanwa. Haukupita muda mrefu ufundi huo ukatiwa katika taa. Mvuvi wa dagaa alipiga pampu mara kadhaa, hewa ikabana mafuta, mafuta yakapanda kwenye bomba la moto yakawa mvuke, na mvuke ukawaka ndani ya soksi kwa mwanga mweupe. Kabla ya hapo wavuvi waliwavuta dagaa kwa mienge ya kuni. Kwa miaka mingi usiku wa giza ziwani ulionekana kama mji uliowashwa taa. Siku hizi taa za betri na za jua zimechukua nafasi ya karabai nyingi, lakini kazi iliyofanywa na pampu ile ndogo isisahauliwe.

Tangu hapo, kwetu sisi neno pampu lilikuwa na sura moja tu, bomba jembamba. Mvukuto ulibaki kwa mzee mhunzi, na mhunzi mwenyewe alikuwa akipungukiwa kazi kwa sababu majembe ya kiwandani yalikuwa yameingia kwa bei nafuu. Kizazi kilichosoma kikaona bomba ni maendeleo na bakuli ni ushamba. Hesabu itaonyesha kama walikuwa na haki.

Hesabu haina upendeleo

Chukueni godoro la mtu mmoja lenye urefu wa sentimita 190, upana 90 na kimo 20. Ujazo wake ni lita 342. Chukueni pampu ya baiskeli yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2 na mwendo wa sentimita 40. Kila pigo hutoa sehemu ya nane ya lita. Godoro litahitaji mapigo yapatayo 2,700. Kwa mapigo 60 kila dakika, ni dakika 45 za jasho kwa godoro moja. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini wahenga walisema kibaba, hawakusema pipa.

Sasa tazameni mvukuto wa mguu: mbao mbili za sentimita 30 kwa 20, zilizounganishwa kwa bawaba upande mmoja na kufunguka sentimita 16 upande wa pili. Kila pigo lina karibu lita 5. Tuseme zinazofika ni 4, kwa kuwa vali huvuja kidogo. Godoro litajaa kwa mapigo 86 hivi, yaani dakika mbili au tatu.

Je, nguvu zitatosha? Mtu wa kilo 70 akilala na uzito wake ukatandazwa juu ya nusu mita ya mraba, kila sentimita ya mraba hubeba gramu 14 tu. Hilo ndilo kanieneo la godoro. Ubao wetu una sentimita za mraba 600, kwa hiyo husukumwa nyuma kwa uzito wa kilo 8.4, na mguu ukikanyaga ncha iliyo mbali na bawaba hutumia kama nusu ya hapo. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

Tairi la baiskeli, kwa upande wake, laweza kutaka kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni yenye eneo la sentimita 3.14 husukumwa kwa kilo 9.4, na mkono unaweza. Lakini jaribuni kulijaza kwa ubao wa mvukuto: 600 mara 3 ni kilo 1,800. Hapo hata timu nzima ya mpira ikipanda juu ya ubao haitoshi. Kila chombo, basi, ni hodari kwa kazi yake na hafifu kwa kazi ya mwenzake. Mzazi wa pampu ya godoro ni mvukuto wa mhunzi, si pampu ya baiskeli.

Wazungu nao waliligundua hilo mapema, kabla ya baiskeli kuwachanganya. Katika miaka ya 1840 Peter Halkett, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alibuni mashua ya nguo yenye mpira ambayo ilivaliwa kama joho na kujazwa upepo mtu alipofika mtoni. Chombo cha kuijazia kilichokaa mfukoni mwa joho hilo kilikuwa mvukuto. Mvumbuzi John Rae alichukua mashua moja ya Halkett katika safari yake ya nchi za baridi kali mwaka 1846, nayo ikamfaa.

Kazi kwenu, vijana

Yanayohitajika kuunda pampu hiyo yanapatikana Kigoma. Mbao mbili. Bawaba moja, au kipande cha mkanda wa ngozi. Turubai au tyubu kuukuu ya lori kwa ajili ya mikunjo ya ubavuni, ikibandikwa kwa solusheni ile ile ya viraka vya baiskeli. Springi ya kiti kibovu ndani, ili ubao uinuke wenyewe mguu unapoondoka. Tundu pana chini ya ubao, likifunikwa kwa ndani na ulimi wa mpira: hewa inapoingia ulimi hufunguka, inapobanwa hujifunga. Ulimi wa pili uwekwe kwenye njia ya kutokea. Huu msiuache, maana hapa tunaachana na mhunzi. Yeye hakujali hewa ikishapita, bali godoro litairudisha yote msipoizuia.

Yako mengine ya kuachana naye. Yeye alihitaji mabakuli mawili ili upepo usikatike. Godoro halipoi kama makaa, kwa hiyo chumba kimoja chatosha. Na yako ya kumfuata bila kugeuza: bomba liwe pana. Mtu akifunga bomba jembamba la baiskeli kwenye mvukuto, ameziba mdomo wa mtungi kisha analalamika kuwa maji hayatoki.

Mkitoboa tundu la pili la bomba upande wa kuingizia hewa, pampu hiyo hiyo itanyonya upepo wote, na godoro likunjike vizuri kwa safari nyingine. Pimeni ujazo wa pigo moja kwa ndoo iliyopinduliwa majini, linganisheni na hesabu, tafuteni panapovuja. Hiyo ni fizikia kamili, na inafanyika katika karakana ya shule yoyote.

Ndugu zangu, historia ya ufundi mara nyingi tunafundishwa kama ngazi: cha zamani chini, kipya juu. Pampu inatufundisha vingine. Mzee aliyeinua kijiti juu ya bakuli la ngozi alijua tofauti ya upepo mwingi na upepo mkali, na chombo chake kilisema hivyo waziwazi kwa yeyote aliyetaka kutazama. Wageni wengine wanaweza kutua tena Kagunga usiku, wakiwa na wazee na watoto, na mashua yenye nafasi ndogo. Ingefaa siku hiyo mzigo mmojawapo uwe wa magodoro yaliyokunjwa, na juu yake pampu iliyoundwa na mikono ya wanafunzi wa mkoa huu.