Hii ligi ya superbike iliisha kabla nizaliwe

Jumapili asubuhi zikipita Thika Road, unazisikia kabla uzione. Bado mimi hugeuza shingo. Nilipoacha chuo nilipiga boda miaka miwili na nduthi ya 150 cc, na kila superbike ikinipita nilijiambia: siku moja. Sasa doo iko, kuna msee anauza Hayabusa, na nimekwama. Wacha niwaambie kwa nini.

Turudi 1969. Wakati huo pikipiki kubwa zilizotajwa sana ni za Waingereza: Triumph, Norton, BSA. Zilitetemeka, zilivuja oili, na nyingi uliziwasha kwa teke. Honda wakaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, unabonyeza swichi inawaka. Miaka michache baadaye BSA ilikuwa imeanguka. Kumbe watu walitaka nguvu, lakini pia walitaka kufika.

Baadaye hiyo ya kufika ikasahaulika, ikabaki mashindano. Kawasaki walijibu 1972 na Z1 ya 903 cc. 1996 Honda wakatoa Blackbird ya 1,137 cc. 1999 Suzuki wakaja na Hayabusa, 1,299 cc, wakaipa jina la kozi, ndege anayewinda ndege wenzake. Ilitoka kiwandani ikiwa inaweza kupita 300 km/h. Ulaya watu wakaanza kuongea habari ya kuzipiga marufuku. Basi makampuni yenyewe yakaelewana kwamba yataishia hapo 300. Fikiria hiyo: waliounda ndio waliosema imetosha.

Sasa ilete Kenya. Spidi ya juu kabisa inayoruhusiwa barabarani ni 110. Hayabusa inaweza kupita hapo ikiwa bado gia ya kwanza, na ina gia sita. Kwa jam ni kilo zaidi ya 200, joto la injini linakupanda mapajani, na huwezi penya katikati ya matatu vile boda hupenya. Tairi ya nyuma inaisha mapema, na bei yake utalia.

Ndogo nazo? 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250 cc, na boda zikajaa kila kona. Hizo ndizo zilinilisha na kuninunulia kamera.

Sisemi superbike ni ujinga. Ile sauti inakugusa mahali, na si lazima kila kitu kilipe rent. Lakini tusidanganyane kwamba tunanunua usafiri.

Nilimuuliza yule msee ameiendesha mara ngapi mwaka huu.

"Mara nne," akasema. Zote Jumapili, kabla watu waamke.

Sijanunua. Lakini pia namba yake sijafuta.