Waongozaji wa Petra

Petra, mji mkuu wa kale wa Wanabatea, uko kusini mwa Jordan, katika milima iliyo kati ya Bahari ya Chumvi na Ghuba ya Aqaba. Njia yake kuu ni Siq, korongo jembamba la urefu wa kilomita 1.2 hivi, ambalo kuta zake za mwamba hukaribiana sana mahali pengine. Njia nyingine hupanda kwenye majabali au hupita jangwani, na asiyezijua hupotea au hukosa maji. Ndiyo maana kila zama za historia ya Petra zimekuwa na waongozaji wake, na ujuzi wa njia umekuwa mali ya kulindwa, kuuzwa na hata kugombaniwa.

Wanabatea walikuwa Waarabu waliosafirisha ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabia hadi bandari ya Gaza. Mwandishi wa Kigiriki Diodorus anaeleza kwamba walichimba mabirika ya maji chini ya ardhi, yenye mdomo mdogo na tumbo pana, wakaufunika mdomo na kuacha alama walizozitambua wenyewe tu. Adui alipowajia walikimbilia jangwani, naye akaishia kwenye kiu. Mwaka 312 KK Antigonus, mmoja wa majemadari waliorithi milki ya Aleksanda Mkuu, alituma jeshi likapora mali yao. Wanabatea walilifuata na kulivamia usiku kambini. Baadaye walipojenga mji wa kudumu, maarifa hayohayo ya maji yaliingia katika mifereji iliyochongwa ubavuni mwa Siq, mabomba ya udongo wa kuchoma na mabirika mengi milimani. Ushuru wa misafara na malipo ya ulinzi wa njia vilikuwa sehemu kubwa ya utajiri uliojenga mji huo.

Mwongozaji wa kwanza wa Kinabatea ambaye jina lake limehifadhiwa vizuri ni Syllaeus, waziri wa Mfalme Obodas. Takriban mwaka 26 KK, Kaisari Augusto alimwagiza Aelius Gallus, liwali wa Misri, kwenda kuiteka nchi ya ubani. Jeshi la watu wapatao 10,000 likaongozwa na Syllaeus. Safari ya kwenda ilichukua miezi sita kwenye njia zisizo na maji, na askari wengi walikufa kwa maradhi, njaa na kiu. Kurudi kwa njia nyingine kulichukua siku 60. Mwanajiografia Strabo, aliyekuwa rafiki wa Gallus, alimlaumu Syllaeus kwa kulipotosha jeshi makusudi. Huenda alikuwa akimtetea rafiki yake, lakini ni wazi kwamba Wanabatea hawakuwa na sababu ya kuwafungulia Warumi chanzo cha biashara yao.

Mwaka 106 BK Mfalme Trajan aliuingiza ufalme huo katika dola ya Roma. Biashara ilihamia polepole kwenye njia nyingine, hasa Bahari ya Shamu na mji wa Palmyra, na tetemeko la mwaka 363 likabomoa majengo mengi. Wapiganaji wa Msalaba walijenga ngome pale katika karne ya 12, na Sultani Baybars wa Misri akapita mwaka 1276. Baada ya hapo watu wa mbali waliisahau Petra, ila wenyeji hawakuisahau. Wachungaji walilala na mifugo yao katika makaburi ya mwambani, wakulima wa kijiji cha Elji, ambacho sasa ni mji wa Wadi Musa, walilima karibu, na mahujaji walipanda Jabal Harun kuzuru kaburi linaloaminika kuwa la Nabii Haruni.

Ziara hiyo ndiyo iliyomfikisha Petra Johann Ludwig Burckhardt, Mswisi aliyetumwa na chama cha wavumbuzi cha London. Alisafiri kwa jina la Sheikh Ibrahim, akizungumza Kiarabu na kuvaa kama wenyeji. Tarehe 22 Agosti 1812 alidai kuwa ameweka nadhiri ya kumchinjia Nabii Haruni mbuzi, akamkodi mtu wa Elji kwa jozi ya viatu vya zamani vya farasi. Mwongozaji alimbeba mbuzi na kumpitisha Burckhardt katika Siq hadi mbele ya Khazneh, jengo lililochongwa mwambani. Kila Burckhardt alipoingia katika magofu, mwenzake alizidi kumshuku, maana wenyeji waliamini kwamba wageni wa namna hiyo ni wachawi wanaotafuta hazina iliyofichwa. Burckhardt hakuthubutu kuchora mbele yake. Alimchinja mbuzi chini ya mlima jua likizama, akarudi bila kufika kaburini. Alifariki Cairo mwaka 1817, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1822.

Waliomfuata walikuta kwamba kuingia Petra ni jambo la kujadiliana na wenye ardhi. Mwaka 1818 maofisa wa jeshi la maji la Uingereza, Irby na Mangles, pamoja na wenzao, walizuiwa na watu wa Wadi Musa mpaka sheikh mwingine aliyewadhamini alipoingilia kati. Baadaye wasafiri kutoka Cairo walipita Sinai na Aqaba, wakikodi ngamia na walinzi kwa masheikh wa kabila la Alawin. Malipo hayo yalifanana na hongo iliyotozwa misafara katika bara la Afrika Mashariki: aliyelipa alipita kwa amani chini ya ulinzi wa kabila. Ugomvi ulizuka pale kabila moja lilipopokea fedha na jingine likadai haki yake. Mchoraji Edward Lear, aliyefika mwaka 1858, alizingirwa na watu waliodai malipo na kumnyang'anya vitu, akalazimika kuondoka haraka.

Katika karne ya 20 reli ya Hijaz, iliyofika Ma'an mwaka 1904, ilirahisisha safari. Uchimbaji wa kiakiolojia ulianza mwaka 1929, na Mabedui wa kabila la Bdul waliokuwa wakiishi katika mapango ya Petra wakapata kazi ya vibarua, na baadaye ya kuongoza wageni. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla ndani ya Siq yaliua watalii zaidi ya 20 wa Kifaransa. Serikali ikajenga bwawa mlangoni na kufufua handaki la Wanabatea la kugeuza maji, jambo lililoonyesha kwamba wahandisi wa kale waliijua hatari hiyo.

Mwaka 1985 UNESCO iliiorodhesha Petra kuwa Urithi wa Dunia, na mwaka huohuo Wabdul wakahamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, juu ya magofu. Kazi ikagawanyika: watu wa Wadi Musa walishika farasi wa langoni, Wabdul wakashika punda, ngamia na maduka ya ndani. Mwongoza watalii rasmi sasa huhitaji leseni ya serikali. Yeye hueleza, kwa mfano, kwamba Khazneh, ambayo jina lake humaanisha hazina, yaelekea ilikuwa kaburi la kifalme la karne ya kwanza, na kwamba matundu kwenye chungu cha mawe kileleni yalitokana na risasi za waliotaka kukipasua wapate dhahabu. Mbdul asiye na leseni huijua njia ya nyuma ya kufika jengo la ad-Dayr na mahali maji ya mvua yanapobaki. Mwaka 2019 wageni walipita milioni moja, na swali la nani ana haki ya kuwaonyesha Petra bado linajadiliwa kati ya mamlaka ya eneo, watu wa Wadi Musa na Wabdul.