Nyumba za Kilimani: Urithi wa Mji Wetu

Mgeni afikaye Kalemie kwa meli huona nyumba zetu kabla ya nyuso zetu. Chini huona bandari na barabara kuu. Juu ya vilima huona nyumba za kale za matofali, zenye barza pana zitazamazo ziwa. Katika jubilei hii yafaa tujiulize: nyumba hizo ni za nani?

Mji ulianza kwa boma. Mwisho wa mwaka 1891 Kapiteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga boma kando ya ziwa, akaliita Albertville. Lakini mji tunaoujua uliletwa na reli. Mwaka 1915 njia ya gari la moshi kutoka Kabalo, kilometa 273, ilifika ziwani. Ndipo zikajengwa maghala, ofisi na nyumba za wakubwa wa kazi. Baadaye kikaja kiwanda cha nguo cha Filtisaf.

Sheria ya ukoloni ilitenga watu: Mzungu mtaa wake, Mwafrika mtaa wake. Baba zetu walifyatua matofali, wakayachoma, wakayapandisha kilimani. Jioni wakarudi kambini. Hawakulala ndani ya kuta walizozijenga. Kwa hiyo wako wasemao: nyumba hizo ni ukumbusho wa dharau, acheni zianguke. Uchungu wao twaufahamu. Lakini ukuta ukianguka, kazi ya mikono ya baba zetu ndiyo ipoteayo kwanza, kwani majina yao hayakuandikwa penginepo.

Tena, ziwa lenyewe latufundisha. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mchanga na majani; maji yakapanda mpaka mwaka 1878 hivi, yakavunja kizuizi, yakashuka. Yalipanda tena katika miaka ya 1960. Mwaka 2024 yaliingia katika barabara na nyumba za chini, na ndugu zetu wengi wakahama na vyombo vyao. Wajenzi wa kale walichagua mahali pa juu, nasi tusione haya kujifunza kwao tunapotafuta viwanja vya watoto wetu.

Tangu mwaka 1966 mji waitwa Kalemie, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Sasa nyumba hizo ni zetu, na mzigo wake ni wetu. Twawaomba wakaao humo wazibe nyufa na kutengeneza mabati kabla mvua haijaharibu kuta. Twawaomba pia wazee wetu waje parokiani, watutajie majina ya waashi, maseremala na wapagazi wa matofali wanaowakumbuka. Makatekista tutayaandika katika kitabu, ili tuwaombee kila mwaka katika Misa ya Marehemu wote.